Niliisawazisha Sidiria ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana mimi ni mke wa miezi minne tu, sijawahi kuwa na furaha kama hii maishani wala hofu kama hii, na vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Nianze na mume wangu ili unielewe. Ni fundi wa makochi, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake, na mpaka leo akirudi na vumbi la sponji kwenye nyusi moyo unanidunda kama siku ile alipokuja kutengeneza viti vya ofisi niliyokuwa nikikaa mapokezi, akaniambia kiti changu kinalalamika kwa sababu nakikalia upande mmoja, nikacheka wiki nzima. Tunakaa na mama yake, na mama huyu ananipenda kweli, ananiita bi harusi mbele za watu na mwanangu tukiwa jikoni. Kitu kimoja tu nilikuwa nakitania mle ndani, kwamba nyumba ya fundi wa makochi ina kochi lenye shimo. Mto wake mmoja umedidimia kabisa, ukiukalia unazama, na hakuna anayeutengeneza. Nilipouliza, mama alisema, "Liache, limenizoea."

Mama mkwe aliugua saratani miaka kumi na moja iliyopita, akatolewa titi la kushoto, akapona. Siku hizi kila Jumanne anakwenda kliniki kukaa na wanawake wanaoanza matibabu, anawashika mkono na kuwatania mpaka wanacheka, ndiyo maana wanamwita Mama Jumanne. Sasa wauguzi wa pale wameandaa maonyesho ya sanaa. Familia ya kila mwanamke aliyepona inapamba sidiria moja inavyopenda, zote zinatundikwa ukumbini, kisha zinapigwa mnada ili wagonjwa wapate nauli ya kufuata matibabu. Mama ni mmoja wa watakaopewa heshima siku hiyo. Alipoambiwa alisema, "Kiti cha mbele sikitaki, nikikaa mbele nasinzia," lakini nilimwona akilipiga pasi gauni lake mara mbili.

Niliomba kupamba iwe kazi yangu, kwa sababu nilitaka aone kwamba mwanawe hakuleta mke tu, amemletea binti. Akaniambia, "Sandukuni kuna nguo za zamani, chukua za juu juu." Mshauri, mimi sikuchukua za juu. Za juu zilikuwa zimepauka, nikachimba hadi chini nikakuta sidiria ya rangi ya maziwa imefungwa ndani ya kitambaa safi, nzuri lakini imekaa upande, kushoto imejazwa kimto kizito kilichoshonwa kwa uzi mnene na kulia iko tupu. Nilijua mama anavaa titi la bandia alilopewa kliniki, kwa hiyo hii nikaiona ni ya zamani tu iliyoshonwa ovyo. Nikakifumua kile kimto, nikajaza pamba pande zote mbili zikawa sawasawa, nikashonea shanga na vifungo sita vya lulu nilivyong'oa kwenye gauni langu la harusi, nikaandika kadi, "Kwa shujaa wetu," nikaipeleka mwenyewe. Muuguzi mkuu alisema inazipita zote.

Nikarudi nimejaa furaha, nikamsimulia mume wangu huku anakula, nikaona kijiko kimesimama.

"Ya rangi ya maziwa?" akauliza. "Ya chini kabisa?"

Ndipo akaniambia. Baada ya upasuaji mama alikaa ndani miezi miwili, hata getini hafiki, anasema watu watamtazama kifua. Baba hakubishana naye. Alichukua mto wa kochi lao wenyewe, akakata kipande cha sponji kwa kupima na kiganja chake, akakishona kwa ile sindano iliyopinda ya makochi, akakifumua mara tatu mpaka mama akasema uzito umekaa. Kisha akasema, "Haya, twende tukanunue mkate." Ndivyo mama alivyotoka nje. Mume wangu alikuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa amekaa pale pale anatazama. Na baba ameshafariki, mwaka wa tatu huu.

Sasa mume wangu, ambaye hawezi kuniona nikilia, ananiambia, "Tulia mke wangu, nitainunua pale mnadani, nitakata sponji nyingine, nitashona kama baba alivyoshona, tutairudisha sandukuni, hatajua." Bado sijamwambia kwamba kimto chenyewe sikukitupa, kiko kwenye droo yangu. Lakini Jumamosi mama atapita pale ukumbini na macho yake, na nikinyamaza naogopa, na nikisema naogopa zaidi kwamba hataniita tena mwanangu. Nifanye nini?

Ni mimi, bi harusi wa miezi minne.

*

Bi harusi,

Futa machozi kwanza, tuna siku chache. Moyo wako ni mzuri na sina shaka nao. Mtu anayeng'oa vifungo vya gauni lake la harusi kwa ajili ya mama mkwe hana nia mbaya. Lakini uliambiwa za juu juu, ukachimba. Ukakuta kitu kimefungwa kwenye kitambaa safi, hukujiuliza nani hufunga nguo mbovu kwenye kitambaa safi. Hapo ndipo ulipokosea, na kosa ni lako, si la fundi wako.

Kuna kingine kinaniuma zaidi, na nitakisema. Ulichukua kitu cha mwanamke mwenye titi moja, ukakifanya kiwe sawasawa pande zote mbili, ndipo ukaona kimependeza. Mama mkwe wako hayuko sawasawa, hata akivaa hilo la bandia, na kila Jumanne anakwenda hivyo hivyo kuwaonyesha wenzake kwamba inawezekana. Maonyesho hayo yameandaliwa kwa sababu hiyo. Kabla ya kuandika "shujaa" kwenye kadi, ungekaa naye nusu saa umuulize alipitia nini.

Mumeo mpende, ila kwa hili usimsikilize. Baba yake alishona kwa kupima na kiganja chake. Yeye akishona cha kuiga akakificha sandukuni, mtakuwa mmemwibia mama yake mara ya pili, na safari hii mkiwa wawili na mkijua. Mama huyo alimfumulisha marehemu mara tatu kwa ajili ya uzito tu. Mnadhani hatajua?

Sasa sikiliza. Leo hii piga simu kliniki, mwambie muuguzi mkuu ile sidiria isiuzwe na isitundikwe mpaka mwenyewe aseme. Nenda uichukue. Ukirudi, kaa na mama mchana, mkiwa wawili. Mumeo abaki kazini, usimfanye ngao. Na usianze kwa kulia, maana ukilia atalazimika kukubembeleza wewe, na leo siyo zamu yako.

Anza na sanduku. Sema, "Mama, uliniambia za juu, nikachukua ya chini." Kisha mpe kimto mkononi, unyamaze. Akikasirika, kubali kukasirikiwa. "Mwanangu" ni neno analomwambia mtu wa jikoni kwake, na watu wa jikoni hugombezwa. Akinyamaza siku mbili, mpikie na umsubiri.

Ataamua yeye. Huenda akataka irudi sandukuni, basi mtapamba nyingine, ya juu juu, na maonyesho hayataharibika. Huenda akataka itundikwe na kimto chake, imekaa upande vile vile, isiuzwe. Huenda akaviacha vifungo vyako, huenda asiviache. Wewe usipendekeze chochote.

Ila beba mkasi mdogo na ile sindano iliyopinda, uviweke juu ya lile kochi lenye shimo, upande wa mama. Na ukikaa, kaa pale panapozama.