Mkono wa Kushoto wa Zimwi

Jumatatu, 2 Agosti 1999
Nimekufa tena mbele ya Zimwi. Nimetoa maneti, kile kidude cha kuchezea, nimerudi mwisho wa benchi. Ndiyo sheria ya chumba cha Papa Asumani: ukifa kwenye mchezo wa video, mwenzako anashika. Wote tunafia palepale. Zimwi linajaza televisheni nzima. Mikono miwili, kichwa cha moto, kifua cha jiwe kinachofunika jicho jekundu. Jicho tu ndilo linaloumia. Maandishi yote ni ya Kijapani, na Gisenyi nzima hakuna anayeyasoma.

Bahati, anayevuka mpaka kwenda Goma kuuza viatu, kasema msichana anachelewesha watu. Kana kwamba yeye hafi. Mjinga.

Jumanne, 3 Agosti
Bahati na wenzake wamenishtaki. Papa Asumani kanihukumu mbele ya wote: "We binti, uue ile zimwi siku ya posho. Ukishindwa, ubakie kwenu." Siku ya posho ndiyo Jumamosi yao. Hakuna mvulana aliyewahi kupewa sharti hilo. Mama naye anasema hatukurudi Rwanda kutoka Tabora ili nikae na wavulana.

Sibakii kwetu.

Alhamisi, 5 Agosti
Sikucheza. Nimetazama wengine wakifa. Wote vilevile: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kisha kifua. Ndivyo Bahati alivyofundishwa Goma, akatuletea, nasi tukashika kama sala. Lakini mikono yote ikikatika, kifua kinajifunga mpaka iote upya. Jicho huonekana pale tu Zimwi linapoinua mkono wa kushoto kupiga.

Na sisi tunaukata mkono huohuo! Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 7 Agosti
Chumba kimejaa, wengine dirishani. Nimekata wa kulia. Wa kushoto nimeuacha.

Bahati kapiga kelele: "Kata mukono! Mukono kwanza, we mujinga!" Nimekwenda kusimama chini ya ngumi yenyewe, mahali ambapo wote hukimbia. Ikainuka. Kifua kikafunguka, nikapiga jicho, nikaruka pembeni. Tena. Mara ya mwisho uhai wangu ulikuwa umebaki kidogo mno, vidole vinateleza kwa jasho. Nikapiga.

Likaanguka, kichwa huku, mkono kule. Papa Asumani akapiga makofi peke yake: "Bon, sawa. Huyu iko wa hapa." Bahati alitazama dari. Nimefurahi vibaya sana, na sioni haya.

Jumatatu, 9 Agosti
Vumbi tu mjini. Nimekaa katikati ya benchi. Bahati kasogea bila kuambiwa.

Nimecheza ovyo. Nimekufa mapema, hata Zimwi sikulifikia. Nimempa Bahati maneti. Kapokea, kaanza kucheza. Hakuna aliyesema lolote kuhusu wasichana.