Mtani Asiyenitukana

Alhamisi, 1 Mei 2025

Mei Mosi. Wenzangu wamelala majumbani kwao Mpanda, mimi nimetingishwa kwenye pikipiki mpaka kijiji cha Mamba kwa mama mkwe. Mume wangu Martin anaita utalii wa ndani. Kesho tunavuka kwenda kisiwa cha mto Kavuu, kuona viboko na mti wa matambiko wa ukoo wao. Kila mke anayeolewa humu hupelekwa. Nina miezi minne ya ndoa, tena ya kanisani, na mama Rozalia bado ananipakulia kwenye sahani ya wageni. Ile yenye maua. Naichukia.

Ijumaa, 2 Mei 2025

Nipo kisiwani, kwenye dago, kambi ya wavuvi. Nimenuna tangu asubuhi.

Mwenye mtumbwi ni mzee Fabiani, mtani wa ukoo wa kina Martin tangu enzi za mababu. Mdomo mchafu, sijapata kuona. Nyie wachawi, pandeni – ndiyo salamu yake. Akamwambia mama mkwe kwamba kifo kimemsahau, jeneza lake linaliwa na mchwa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Wifi yangu Jeniffer akanyang'anywa khanga, mzee akajifunga kichwani. Martin akaitwa kiboko aliyekosa maji.

Mimi je? Mimi alinivulia kofia. Akafuta ubao kwa mkono wa shati. Karibu mgeni, usije ukalowa. Akauliza kwetu wapi. Mishamo, nikamwambia. Hapana, kwenu hasa. Nimezaliwa Mishamo! Waliotoka Burundi ni wazazi, na uraia tunao. Akaitikia kwa adabu: pole na safari.

Viboko niliwaona. Wanene, wananuka. Ndege mwari walikuwa wengi, weupe, wazuri kweli, lakini sikuwa na moyo wa kuwafurahia.

Pale kwenye mti mama alipiga ishara ya msalaba kwanza, halafu akanyunyiza unga. Fabiani akachota uliobaki, akawapaka wote usoni, huku wanakimbizana kama watoto. Alipofika kwangu akanizunguka. Taratibu, kama mtu anayekwepa mkeka wa wenyewe. Martin akapiga picha. Nyuso zao zote nyeupe, na mimi pembeni, safi, kama nimetoka dukani leo.

Nimemuuliza Martin. Ati ni heshima, mtani hamtukani mgeni. Mgeni! Mtani wa mume wangu si ndiye mtani wangu? Au niliolewa na nani? Anasema itakuja taratibu. Heshima yao waichemshe wanywe.

Jumamosi, 3 Mei 2025

Naandika kwenye simu. Wanadhani nachati.

Tulikuwa tunapakia mizigo turudi. Nikamsikia mama akimwambia Fabiani anishike mkono kwenye matope, huyu bado mgeni. Damu ikanichemka. Nikavua viatu, nikaingia matopeni mwenyewe, nikachomoa kasia lake mtumbwini. Nikamwambia mzee mzima ananuka samaki wa juzi, mtumbwi wake sufuria lililotoboka, na kasia nakwenda nalo, nitasongea ugali.

Hakuna aliyecheka.

Jeniffer ameziba mdomo. Martin anasema Lidia, mrudishie, tafadhali. Mama anaangalia mto. Nimekaa juu ya kasia na siondoki. Huyu mzee akinijibu kwa upole tu, basi sikutania, nimemtukana mtu mzima mbele ya mama mkwe. Nitakula kwenye ile sahani ya maua mpaka nife.

Fabiani ameinama. Ameokota kiatu changu kimoja pale ukingoni. Cha ngozi, nilikivaa harusini. Anafuta tope kwa kidole. Anakigeuza. Anakiangalia kiatu, anauangalia mto, ananiangalia mimi.

Ama atanirudishia kwa mikono miwili, ama –

Kitupe, mzee. Nakuomba, kitupe.