Mlinusa Mahali Pabaya

Kawangware,
Nairobi.
16 Juni 1958

Mpendwa ndugu yangu Hezekiah,

Nakusalimu wewe, Milcah na watoto wote huko Kampala. Je, kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Mvua imewaachia mahindi? Mimi ni mzima wa kichwa na wa ulimi. Miguu ndiyo imekataa, na kwa sababu ya miguu hiyo nakuandikia nikiwa na hasira.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali uliponiuliza, "Dada, una nini?" Sikupaona. Niliona kurasa mbili za kuniambia nitubu, niache pombe, nisiliaibishe jina la baba. Unasema hata mwandiko wangu umekuwa mdogo kama wa mtu aliyelewa. Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika herufi yako ya kwanza mchangani. Mlevi gani huandika herufi ndogo, Hezekiah? Mlevi hujaza ukurasa.

Basi sikiliza. Nina ugonjwa uitwao Parkinson. Daktari mmoja Mhindi, mwenye chumba juu ya duka la vitambaa mjini, alinitembeza mbele yake mara nne, akautazama mkono wangu unavyotikisika, akanieleza bila kuficha. Unaanzia kichwani, hufinya hata mwandiko, hauponi, wala hauhusiani na chupa.

Watu hudhani taabu ni kutetemeka. Kutetemeka si kitu. Taabu ni mguu wa kushoto. Asubuhi, kabla kidonge alichonipa daktari hakijafanya kazi, vidole hujikunja kama vinavyong'ang'ania kitu, kifundo hugeukia ndani, na msuli hukaza mpaka nauma shuka. Nikilazimisha kutembea nakanyagia ubavu wa mguu.

Nimejifunza kuishi nao. Siondoki kitandani kabla sijakandamiza unyayo sakafuni na vidole vikanyooka. Ndungu, fundi viatu wa Ngong Road, alikiangalia kiatu changu kilivyoliwa upande wa nje, akaniuliza ni nini kinachouvuta mguu huu. Akaongeza ngozi upande ule na kupanua nafasi ya vidole, na maumivu yakapungua nusu. Fundi viatu aliuliza. Ndugu wa tumbo moja hakuuliza.

Tena kila asubuhi nachua kifundo kwa spiriti iliyotiwa kafuri, na spiriti hiyo ndiyo iliyoniponza. Kanisani kwetu hakuna anayegusa pombe, kwa hiyo hakuna anayejua inavyonuka. Walinusa spiriti, wakaniona nakokota mguu, wakajumlisha. Peres, mwenyekiti wa akina mama, akaniondoa kwenye darasa la kusoma la Jumamosi. Darasa hilo nililianzisha mimi. Lina wanawake kumi na saba, na Njambi, ambaye mwaka jana alikuwa akitia alama ya kidole, amebakisha sura mbili amalize Injili ya Luka peke yake. Wakakuandikia wewe uliye Kampala. Mimi niliye hatua mia mbili kutoka mlangoni pao hawakuniambia neno.

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye kikao chao bila kualikwa. Nikakaa mbele, nikavua kiatu na soksi, nikaupandisha mguu juu ya benchi, vidole vimejikunja vile vile. Nikamwambia Peres anuse. Alisita, kisha akainama, akainuka akipangusa macho kwa ukali wa kafuri.

"Hii ni dawa ya kuchua," akasema.

"Mlinusa mahali pabaya, mama. Pombe hutokea mdomoni."

Bibi Philister, aliye mkubwa kuliko sote, akaguna. "Kumbe siku tatu zile tulizofunga kula tukiomba uache pombe, tumekifungia kisigino."

Walicheka wote, na Peres akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekuja kuchukua darasa langu. Peres akanishika mkono, akaomba radhi vizuri tu, kisha akaongeza kwamba kwa hali hii ni afadhali nipumzike, maana mwalimu husimama. Ndugu yangu, nilikuwa na maneno ya kumwambia ambayo yangelibomoa paa la kanisa. Njambi akaniwahi.

"Sisi tunasoma tumekaa," akasema. "Kwa nini yeye afundishe amesimama?"

Njambi mwenyewe akaenda kuleta kiti, akakiweka kando ya ubao. Ni kiti kibovu, mguu mmoja mfupi, kama mwenye kukikalia. Jumamosi hii nitakikalia.

Kwa hiyo usije kunichukua kama ulivyoandika, wala usimtume mtu. Barua yako nimeitia ndani ya bahasha hii. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu, makosa kumi na moja, nawe ni karani wa serikali. Iandike upya, na mara hii uanze na swali.

Nisalimie Milcah, uwabusu watoto. Ukipita Bungoma, mwambie shangazi Nakhumicha kwamba silewi, nachechemea. Mungu akulindie miguu yako, akufungue na masikio.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Naliaka