Baba, Wanafunzi Wako Bado Wanabisha Hodi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipofumba macho asubuhi ile. Sisi uliotuacha tu wazima, na Mama hajambo.

Mtaani walikuita Mwalimu Polepole, kwa kuwa ulipofundisha kinanda hukumharakisha mtu. Mwanafunzi akikosea hukumkatiza. Ulimwacha afike mwisho wa wimbo, kisha ukamuuliza, "Wewe mwenyewe umesikia nini?" Dereva wa lori alipokuja amechoka hoi, ulimwacha asinzie kwanza kwenye kochi. Alipozinduka ukamwambia, "Haya, vidole vimeshapumzika." Na sisi wanao, ambao muziki ulitupiga chenga, hukutusimanga hata siku moja. Ulisema kila nyumba inahitaji wasikilizaji.

Ulipoondoka, Mama hakutaka hata kukigusa kinanda. Alikwisha kupata mtu wa kukichukua. Ndipo siku ya darasa ikafika, na yule mwanafunzi wako seremala akabisha hodi kama kawaida yake, vumbi la mbao nyweleni.

"Mwalimu hayupo, mwanangu," Mama akamwambia.

"Najua, Mama. Lakini kwangu nikikosea hakuna wa kuniambia."

 Mama akampisha, akarudi jikoni kukanda unga wake. Seremala akaanza kupiga, wala hakufika mbali.

"Hapo! Umekimbia tena!"

Ni Mama huyo. Alijiziba mdomo kwa mkono wenye unga. Miaka yote uliyofundisha sebuleni, kumbe naye jikoni alikuwa darasani!

Seremala akawaambia wenzake. Wiki iliyofuata akaja muuguzi, kisha dereva. Muuguzi alitwambia, "Wako wanaopiga vizuri kuliko baba yenu. Lakini yeye alinisikiliza mimi, si wimbo tu. Nilitoka hapa kila mara nikijiona ninaweza." Neno hilo lilitupoza moyo kuliko pole zote tulizopewa.

Kinanda hakiendi popote, Baba. Mama ameanza kujifunza. Anasema vidole vyake ni vikavu kama kuni, na hucheka mpaka machozi yamtoke. Juzi alimpigia mjukuu wako wa mwisho wimbo wake wa kwanza, mtoto akapitiwa na usingizi katikati.

"Mwamsheni," Mama akasema. "Sijamaliza!"

Unakumbukwa na mkeo mpenzi, sisi wanao watatu, mkweo, wajukuu zako, na wanafunzi wako wote. Pumzika, Baba. Hutatutoka moyoni kamwe.