Kile Chuma Kinene cha Nyuma

Damasi, mtani wangu,

Hali siwezi kukuuliza, na yangu ukiijua hutaicheka. Arobaini yako ilikuwa juzi. Nilipanda kwenu Mgeta kwa lori la mboga, nikala, nikanawa mikono, nikashuka bila kusema nililokwenda kusema. Ndiyo maana naandika. Nimekaa kwenye benchi letu la gereji, wenzetu wamekwenda kula, na mikono yangu ina grisi, kwa hiyo usinilaumu karatasi ikichafuka.

Gari lako liko uani, au tuseme kilichobaki. Naliita lako ingawa tulilikokota wote kutoka shamba la katani upande wa Dumila, meneja alipolitelekeza na kurudi kwao. Gari la michezo, milango miwili, kiti cha nyuma hata mbuzi hakai. Ulilipenda kupita kiasi. Mwaka mzima tulilifufua kwa vipuri vya kuokoteza, maana madukani hakuna kitu, ukiulizia bushi unaambiwa subiri meli. Tulitaka jambo moja tu: tuingie kwenye mashindano ya magari, watu wa Morogoro wauone moshi wetu.

Likabaki tatizo la kona. Gari lilikuwa linalala mno, unakumbuka, mpaka unashika mlango. Zile stabilaiza zake, vyuma vinavyounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale, zilikuwa nyembamba na ya mbele ilishakatika. Tukapata vyuma viwili vya kubadilisha. Kimoja cha wastani, kutoka pikapu iliyokufa Gairo. Kingine kinene, cha lori, tukakipinda wenyewe kwenye moto. Swali likawa kipi kikae mbele na kipi nyuma, na hapo tukabishana wiki nzima.

Wewe ulitaka kinene kiende mbele. "Gari likikataa kukata kona utapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, mkia ukatoka, utasali sala gani?" Mimi nikataka kinene nyuma, ili ligeuke upesi. Nikakuita mwoga mbele ya gereji nzima, na kwa kuwa mimi ni Mnyamwezi na wewe Mluguru, ukacheka, ukautukana ukoo wangu wote, kisha ukaniachia. Nikakifunga nyuma. Tukalijaribu barabara ya Dodoma, lami kavu, jua kali, nalo likageuka vizuri ajabu. Ukanipiga bega. "Nimekubali, Mnyamwezi." Nilivimba kichwa siku nzima.

Sasa lile ambalo sikukwambia.

Ijumaa ile jioni, siku mbili kabla ya safari yako, ulipokwishaondoka, manyunyu yalianza. Nililitoa peke yangu hadi Kilakala. Sikuwa nakimbia. Kwenye kona mkia ukatoka, gari likazunguka, likasimama likitazama nilikotoka, na mtaro ukiwa hatua mbili tu. Nilielewa pale pale kwamba wewe ndiye uliyekuwa unasema kweli, kwamba nyuma pamekazwa mno na kwenye utelezi matairi hayashiki. Nikapanga Jumatatu nivibadilishe kimyakimya, ukiniuliza niseme nakaza bolti.

Jumapili asubuhi ukaja kuchukua ufunguo wa gari, umwendee mama yako Mgeta. Ulikuwa na sukari ya Mama umeifunga kwenye gazeti, ulivyohangaika kuipata Mungu anajua. Niliutazama mlima, mawingu yamekaa juu yake. Nikasema, "Nenda polepole." Basi, hayo tu. Sikuwa nimesahau, Damasi. Niliona haya. Nilikuwa nimeshinda ubishi mbele za watu na sikutaka kuurudisha.

Uliteleza ukirudi, kwenye kona ya kushuka, mvua ikinyesha, gari likaenda bondeni. Trafiki alipima alama za matairi, akaandika mwendo kasi. Kwamba ulikuwa unaiwahi saa nane, kwa ile amri ya magari binafsi kutotembea Jumapili baada ya saa hiyo. Kila mtu aliona ndivyo. Mimi nami niliitikia kwa kichwa, nimesimama pembeni ya bonde na bolti zangu mwenyewe zinaonekana chini kule.

Kazi ya mtani msibani unaijua. Walinivalisha ovaroli lako, wakanipa mfuniko wa sufuria uwe usukani, wanawake wakapiga kelele: "Haya Mnyamwezi, tuonyeshe alivyokuwa anaendesha!" Nikazunguka ua mzima nanguruma kwa mdomo. Nikafika mbele ya Mama, amekaa kwenye mkeka, hata macho hainui, na maneno yakanitoka. "Nimemuua mimi! Nilijua gari litateleza, nikampa!"

Wakaangua kicheko, Damasi. Wote. Mama naye akacheka, anafuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema, "Mtani huyu hana haya." Waliniambia baadaye ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu ulipoletwa nyumbani. Nikaogopa kumnyang'anya kile kicheko. Nikanguruma tena, nikaendesha mfuniko wangu mpaka nyuma ya nyumba.

Pengine ningejificha ndani ya kicheko kile mpaka kufa. Watu wote wameshanisikia, na hakuna aliyesikia. Lakini juzi kwenye arobaini nilikuta jiko la Mama limepoa. Majirani ndio wanaopika, yeye anagusa tonge mbili na kusukuma sahani. Nilipomsalimia shikamoo alinishika mkono, akaniambia jambo ambalo hajamwambia hata padri. Kwamba siku ile ulitaka kuondoka saa tano. Akakuzuia, maharage hayajaiva. "Mimi ndiye niliyemtia haraka, baba. Kwa maharage." Akasema hivyo akitazama mafiga. Na mimi, fundi mzima, nilimjibu ni mapenzi ya Mungu.

Amekonda mpaka pingili za vidole zinahesabika. Anakufa kwa kosa langu huku akidhani ni lake.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi napanda tena. Nimeshatuma neno kwa mjomba wako, kwa kuwa kwenu ukoo hufuata upande wa mama na yeye ndiye mkuu wake, awepo na wazee wawili, ili mtu asije akasema ni utani. Nitavaa nguo zangu mwenyewe. Nitakibeba kile chuma. Nimekifungua, hakikupinda hata kidogo. Nitawaeleza kilipaswa kukaa wapi na nani alikiweka nyuma. Nitasema ya Ijumaa, nitasema ya Jumapili asubuhi, na mtu akianza kucheka nitarudia mpaka anyamaze. Nitamwambia Mama kwamba hata ungeondoka saa tano, hata ungekuwa na siku nzima mbele yako, kona ile na mvua ile vingekumaliza. Wakinipeleka polisi, sawa. Wakinifukuza kijijini nitashuka kwa miguu. Ila ale, Damasi. Awashe moto wake, apike, ale.

Kwaheri, ndugu yangu. Msamaha wako siuombi leo. Naanza kwa Mama, kwa sababu yeye anaweza kunikatalia.

Mtani wako,
Kasanda