Nusu ya Pili Iko Kwangu

Nyamityobora, Mbarara
Jumatano, mvua inanyesha

Baba Furaha wangu,

Salamu hizi zikukute umekaa na chai mkononi, si shambani. Macho je? Ule ukungu umepungua, au daktari bado anasema ungoje? Na maharage, mvua haijayaozesha? Mimi ni mzima mwili wote isipokuwa moyo, nao nitaueleza chini. Barua hii isomwe na Furaha. Narudia: Furaha.

Maktaba yetu ni ileile, chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari. Mtu akiniuliza kitabu kizuri ni kipi, namwuliza kwanza amegombana na nani. Aliyegombana na mkwe nampa ile riwaya ya bibi arusi aliyekimbia na sufuria za harusi. Riwaya za vita wanaazima wanafunzi wa chuo kikuu. Watu wetu wakitoka huko kwenu kambini Nakivale hawazigusi. Wanataka zenye jikoni ndani, na watu wanaonuniana kwa sababu ya chumvi. Waandishi wa siku hizi nawapenda, hawahubiri kama wa zamani, lakini wamepata ugonjwa mmoja: hawamalizi.

Wiki iliyopita askari polisi mmoja, msomaji wangu mkubwa, alinitupia kitabu mezani.

"Wewe mama, nani natoa mwisho ya hii kitabu?"

"Afande, mwisho ndio huo."

"Huyu mtu nafungua mlango, halafu? Nani iko nyuma ya mlango?"

"Mwandishi anataka ufikiri mwenyewe."

"Mimi nafikiri kazini siku yote! Hapa nakuja kupumzika."

Nilicheka mpaka jioni. Halafu Furaha akapiga simu, kicheko kikaisha.

Unaikumbuka riwaya nene niliyokutumia, ya Zawadi, yule jirani anayempelekea mume wa mtu sahani ya chakula, mpaka sahani ikahamia huko, naye akaifuata? Niliichagua makusudi. Niliposikia kwamba Mama Chantal, jirani yetu Mrundi, mjane, ndiye anayekusomea kila jioni mkitoka shambani, nilisema: vizuri, asome hiyo, ajione.

Sikufikiria sauti. Yule mama ndiye msomaji wa misa ya Jumapili. Akitamka "akafunga mlango", watu wanageuka kuangalia mlango. Sisi Wapentekoste tunajua kupaza sauti tu.

"Mama, Mama Chantal anasomaka muzuri!" Furaha ananiambia. "Batu banatoka hata ku kisima, banakuya kusikiliza."

"Na huyo Zawadi, banasema nini juu yake?"

"Banamuhurumia, bote. Hata baba alipanguza macho."

"Baba yako ana ugonjwa wa macho."

"Hapana, mama. Alilia."

"Na bibi wa ule bwana?"

"Banasema kosa ni yake. Alikawia mingi ku muji."

Simu ikakatika. Nimejifunza vitabu bila mwalimu, na hili hakuna aliyeniambia: unaweza kuchagua kitabu, lakini kinamfuata anayekisoma kwa sauti.

Sasa sikiliza. Kitabu kile kilikuwa kimevunjika mgongo. Kikiwa kinene hivyo tunakigawa katikati, tunashona kila nusu na jalada lake, ili wasomaji wawili wasigombane. Nilikutumia nusu ya kwanza. Mama Chantal alipoimaliza akamtuma Furaha aulize nyingine iko wapi. Nikajibu kama nilivyomjibu afande: riwaya za siku hizi zinaishia hivyo, anayesikiliza afikiri mwenyewe. Nasikia alikubali, na akawaeleza watu wote kwamba huo ndio ufundi wenyewe.

Ni uongo. Nusu ya pili iko kwangu, chini ya mto wa kulalia. Wala sijaisoma, Baba Furaha. Naifungua, naifunga. Nusu ya kwanza inaishia yule mke amepanda gari kurudi nyumbani, na sijui atakuta sahani ya nani mezani. Naogopa kujua peke yangu.

Najua hujafanya neno lolote baya. Najua pia kwamba Mama Chantal ni mtu mwema. Mama yako alipougua ni yeye aliyemwogesha. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kazi. Lakini nimeomba ruhusa kazini. Nusu ya pili nitakusomea mimi, kwa sauti hii yangu ya kuita mbuzi, na yeye akae kwenye mkeka na wengine, asikilize.

Nisalimie mama mkwe wangu, umwambie khanga yake nimeipata. Shemeji Safari wa mashine ya kusaga, aliyekubali kubeba barua hii, mpe chai kabla hajaanza kusimulia safari. Baraka, kitinda mimba wetu, aache kuwafukuza kuku. Mama Chantal naye msalimie, kwa kifupi.

Na kama Furaha yuko shule, na sauti inayosoma hapa ni ya Mama Chantal mwenyewe: habari za jioni, jirani. Asante kwa yote, nasema kweli. Ishia hapa. Mstari wa chini nimeuandika kwa kalamu nene ya kuandikia migongo ya vitabu, herufi kubwa kama za mlango wa duka. Huo Baba Furaha hasomewi, atausoma mwenyewe. Mpe karatasi aipeleke mlangoni, penye mwanga.

Mkeo,
Mama Furaha

NINAKUJA JUMAMOSI. UNINGOJE.