Aliyemleta Mjomba

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wifi amepata nguvu baada ya kujifungua, na mtoto ananyonya vizuri. Huku kwetu mimi ni mzima. Wengine wako hospitalini. Nimeandika kwenye karatasi na kumpa kaka yake wifi aikabidhi mkononi mwako, kwa sababu siku hizi simu za watu zinachukuliwa.

Uliuliza kama urudi machinjioni Jumatatu, likizo ikiisha. Kazi ya gazeti imenizoesha kuanza na jambo kubwa, basi ndilo hili: usirudi. Sasa nikueleze kwa mpangilio.

Unakumbuka tulivyokaa kwenye chumba cha fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Waya, tukichagua jinsi ya kujenga jukwaa lenu la mtandaoni. Mwenzenu wa msumeno wa mifupa alikuwa ameshapoteza mkono kwa sababu kinga ya msumeno iling'olewa ili kazi iende mbio, na nyapara alikuwa ameandika kwamba mwenyewe alikuja kazini amelewa. Mlitaka mahali pa kuyasema hayo bila kujulikana. Habari ya seva, ile kompyuta ya kuhifadhia jukwaa, ilitukalisha muda mrefu. Waya alituonya kwamba kampuni ya hapa mjini ina bei nzuri, lakini mkubwa yeyote akiingia pale na suti anapewa anachotaka, na chai juu. Tukakodi seva ya mbali, nje ya nchi. Hapo hatukukosea. Mpaka leo hakuna aliyeigusa.

Tulikosea kwenye programu. Waya alipendekeza ile nyepesi, mtu anaingia kwa jina la kubuni na yamekwisha. Wewe ukakataa. Ulisema machinjioni hakuna anayepewa kisu bila mdhamini, na akimjeruhi mtu, mdhamini ndiye anayejibu, kwa hiyo jukwaani nako isiwe holela. Mimi nikakuunga mkono. Tukachukua ile ambayo haimpokei mtu mpaka aalikwe na aliyemo ndani, na kila mmoja akifungua ukurasa wake anakuta mstari mmoja juu: ameletwa na fulani, kwa jina la kubuni. Waya aliuliza kama tunafungua jukwaa au tunaposa. Hata Mjomba ulipomwalika alinilalamikia kwamba mtoto aliyemfuta makamasi na kumfundisha kushika kisu leo ndiye anamdhamini. Lakini aliingia, akaandika kuliko wote. Habari zikamfikia mkaguzi wa serikali, akaja, kinga ya msumeno ikarudishwa, na nyapara akaanza kuwatazama watu mikononi, nani ana simu.

Wa kwanza alikuwa Ndoo, yule mwosha sakafu. Aliiacha simu juu ya benchi, jukwaa limefunguka. Watu wa getini walimwingiza kwenye chumba cha baridi mchana kweupe, wenzake wakipita mlangoni na matoroli ya nyama. Walimfunga mikono kwa mpira wa maji, wakamtundika kwenye reli baina ya nusu mbili za ng'ombe, wakampiga kwa koleo la chumvi mgongoni na kwenye nyayo. Hawakumuuliza wanachama ni akina nani. Nyapara naye aliingia kazini kwa kudhaminiwa, akajua swali moja linatosha: nani alikuleta? Ndoo angeweza kuapa kwamba hawajui wengine, na wangemwamini. Lakini hakuna asiyemjua aliyemleta, na mstari ulikuwa pale juu, wamemshikia simu usoni. Alimtaja Kocha.

Kocha, yule mtoa mifupa anayebishana mpira kutwa nzima, walimfuata chumba cha kubadilishia nguo. Alijibu kwa ngumi, akamvunja mmoja pua. Wakamlaza kifudifudi na kumpiga magotini kwa nondo. Waliokuwemo waliniambia alitukana mpaka sauti ikamwisha. Kisha walichukua kidole chake, wakakigandamiza kwenye simu, ikafunguka. Alitaja jina la Mjomba akiwa amepoteza meno manne, na nilipomtembelea aliniomba nimwombee msamaha kwa Mjomba. Mjomba yumo wodi hiyohiyo.

Mjomba walimkuta kwenye chumba cha kutia ngozi chumvi. Hakukimbia. Walikishika kidole chake na kukiweka kwenye simu, simu ikakataa. Wakajaribu cha pili, ikakataa. Aliwaeleza kwamba mchuna ngozi hana alama za vidole, chumvi imezila zamani, na kwamba hata ofisi ya vitambulisho ilimrudisha nyumbani. Walidhani anawachezea. Wakavivunja kimoja kimoja kwenye ukingo wa meza ya mawe, mkono wa kulia wote. Kisha wakataka namba ya siri. Akawaambia ameisahau, uzee. Ndipo wakamvunja taya, jambo ambalo halikuwa la akili, kwa sababu baada ya hapo hata angetaka asingeweza kusema. Wameondoka na simu yake.

Umeshaona wamefika wapi. Kwenye ukurasa wa Mjomba, mstari wa juu ni wewe.

Waya alitaka tuzime jukwaa lote. Nimemkatalia. Wakiikuta simu haina kitu, watarudi wodini kumuuliza mwenyewe, na hakuna askari pale mlangoni. Hao watu hawatulii mpaka wapate jibu, basi inabidi walipate. Mafundi wa kufungua simu wamejaa mjini.

Nakuambia sasa nililolifanya, na sikukuuliza kwa sababu nilijua ungekataa. Jana nilimwambia Waya anipe ufunguo wa seva. Nimelifuta jina lako kila mahali, humo ndani hujawahi kuwepo. Kwenye ukurasa wa Mjomba, palipokuwa na jina lako la kubuni, nimeandika langu, kamili, kama linavyotokea gazetini, ili wasihitaji kumuuliza yeyote ni nani. Nilimweleza Mjomba sikioni. Alifumba macho. Sijui kama alikubali au ni dawa.

Taarifa ya mkono uliokatika, ya chumba cha baridi na ya meza ya mawe nimeimaliza, iko kwa mhariri. Akiitoa upesi, huenda wakakuta watu wengi mlangoni kwangu. Akichelewa, watanikuta mimi. Nimekaa na walioumia muda wa kutosha kujua kwamba kila mtu ana mahali anapotaja jina. Mimi juu yangu hakuna aliyenileta, kwa hiyo sina wa kumtaja.

Nisalimie wifi, mwambie nguo za mtoto nitampa kaka yake akija tena. Mama usimwambie habari ya taya, mwambie Mjomba ameanguka bafuni, naye atamcheka kama kawaida. Barua hii ukishaisoma ichome. Usinipigie simu.

Mdhamini wako,
Dada